Neno "Tua": Maana Zake Nyingi na Mzigo Wake Mmoja

Katika kila lugha yapo maneno machache madogo yafanyayo kazi kubwa. Ni mafupi, hutumiwa na watoto na wazee, wala hapana mtu akumbukaye siku aliyofundishwa maana yake. Lakini mtunga kamusi akifikia zamu ya neno la namna hiyo, kalamu yake husita. Katika Kiingereza mfano unaotajwa sana ni kitenzi set. Chapa ya pili ya kamusi kubwa ya Oxford, iliyotolewa mwaka 1989, yahesabu maana zaidi ya 400 za neno hilo. Kwa neno hilo moja Mwingereza hupanga meza, hutega mtego, huunga mfupa uliovunjika, hutunga mtihani, husema kwamba jua limekuchwa na kwamba saruji imeganda. Mswahili ajifunzaye lugha hiyo hustaajabu jinsi kitenzi kimoja kilivyoweza kuyachukua yote hayo. Aghalabu hatambui kwamba lugha yake mwenyewe inayo maneno ya tabia hiyo hiyo, na kwamba moja lao limo kinywani mwake asubuhi na jioni.

Neno linalochunguzwa hapa ni tua. Swali lenyewe ni hili: je, tua ni neno moja lenye maana nyingi, au ni maneno mengi yaliyokutana katika sauti moja? Na kama ni neno moja, ni ipi katika maana zake iliyo shina, na ni zipi zilizo matawi? Jibu lake si pambo la wataalamu tu. Kwa jibu hilo mtunga kamusi huamua ni maana ipi iandikwe kwanza. Mwalimu huamua aanze kufundisha wapi. Na mfasiri huamua ni neno gani la lugha nyingine lifaalo kulingana na tua katika sentensi iliyo mbele yake.

Mahali panapofaa kuchukulia mifano ni Isikizya na nchi iliyo kandokando yake. Isikizya ni makao makuu ya Wilaya ya Uyui, katika Mkoa wa Tabora. Nchi hiyo ni ya Wanyamwezi, na katika karne ya 19 ilikatwa na njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea mpaka Ujiji, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Kiswahili kilisafiri katika njia hiyo pamoja na nguo, shanga na pembe, na tua lilikuwa moja katika maneno yake ya kila siku.

Matumizi yaliyopo

Kabla ya kutoa hukumu yafaa kuyaweka matumizi yenyewe mbele ya msomaji. Mifano ifuatayo ni ya mazungumzo na maandishi ya kawaida, na kila mmoja una tofauti yake.

1. Mpagazi ametua mzigo: ameushusha kutoka kichwani au begani na kuuweka chini.
2. Msafara umetua: umesimama na kupiga kambi.
3. Jua limetua: limekuchwa.
4. Ndege ametua mtini. Ndege imetua uwanjani. Katika sentensi ya kwanza ni kiumbe, katika ya pili ni chombo, na upatanisho wa kisarufi watenga hiki na kile.
5. Tope limetua chini ya mtungi: limejitenga na maji na kukaa chini.
6. Moyo wake umetua: hofu au hamu iliyokuwa ikimsumbua imekwisha.
7. Msomaji hutua penye nukta: husita kidogo ili maana ipate kukamilika.
8. Macho yake yalitua juu ya barua: baada ya kuzunguka huku na huko, yalikaa mahali pamoja.
9. Mchezaji ametua Jangwani: amejiunga na klabu ya Yanga. Hii ni lugha ya magazeti ya michezo.
10. Mzigo umetua: bidhaa alizoagiza mfanyabiashara zimefika.
11. Kumtua mama ndoo kichwani: kumwondolea mwanamke taabu ya kuchota maji mbali na nyumbani.

Orodha hii ingeweza kurefushwa, lakini yatosha kuonyesha ugumu wa kazi. Mtu asiyejua Kiswahili akipewa tafsiri za sentensi hizi kumi na moja katika lugha yake, hapana litakalomfanya adhani kwamba zote zimetokana na kitenzi kimoja. Atakutana na kuweka, kupiga kambi, kuchwa, kushuka, kujitenga, kufarijika, kusita, kukazia macho, kujiunga, kufika na kuondolea taabu. Msemaji wa Kiswahili haoni ajabu hata kidogo. Akisikia sentensi ya tatu na ya nne hahisi kwamba amehama kutoka neno moja kwenda jingine. Hisia hiyo ya msemaji ni ushahidi, lakini haitoshi peke yake; yafaa itafutiwe sababu.

Kulipima neno kwa jirani zake

Njia moja ya kupata maana iliyo ndani ya neno ni kuliweka karibu na maneno yaliyo jirani yake, na kutazama ni wapi yanapokataa kubadilishana nafasi. Tua ina jirani wengi: weka, shuka, anguka, bwaga, zama na pumzika.

Weka laweza kushika nafasi ya tua katika "mpagazi ametua mzigo", lakini jambo fulani hupotea. Mtu huweza kuweka kalamu mezani, wala hasemi kwamba ameitua, kwa sababu kalamu haikuwa imemlemea. Penye kutua pana uzito uliokuwa ukichukuliwa kabla ya tendo lenyewe. Shuka nalo halitoshi. Mtu ashukaye mlimani yumo mwendoni bado, naye aweza kushuka mchana kutwa. Bali atuaye amefika mwisho wa mwendo wake. Pumzika lina huo utulivu wa mwisho, lakini halina kushuka: mlinzi aweza kupumzika huku amesimama.

Tofauti ya tua na anguka ndiyo yenye mafunzo zaidi. Jiwe lililorushwa juu huanguka, halitui. Ndege aliyepigwa mshale huanguka. Mwenzake aliye mzima hutua. Chombo cha angani kikishuka salama husemwa kimetua, na kikipatwa na ajali husemwa kimeanguka, wala hapana msemaji achanganyaye mambo hayo mawili. Basi katika tua mna taratibu na utawala: kinachoshuka hushuka kwa namna yake, mpaka mahali pake. Ndiyo maana jua hutua. Likianguka, itakuwa siku ya kiama.

Bwaga nalo lahusu mzigo, lakini ni kuuachilia kwa mara moja, pasipo kujali utaangukaje. Simulizi zilizo mashuhuri hulieleza jina la Bagamoyo kuwa ni bwaga moyo, ingawa wasimulizi hawapatani kama moyo huo ulibwagwa kwa furaha ya wapagazi waliofika pwani au kwa kukata tamaa kwa watumwa waliokuwa wakivushwa. Kwa vyovyote simulizi zenyewe zatambua tofauti iliyopo katika lugha: mwisho wa safari yote mtu hubwaga; katikati ya safari hutua, kwa kuwa mzigo ni ule ule, na kesho utapandishwa tena.

Kwa kupima hivyo, mambo matatu yaonekana katika maana ya tua: kwanza, kitu kilikuwa kimechukuliwa, kiko juu au kiko mwendoni, pili, chashuka kwa taratibu, tatu, mwisho wake ni kukaa na kutulia. Sentensi zote kumi na moja zina sehemu ya mambo hayo, na ya kwanza inayo yote matatu kwa ukamilifu. Hiyo ni dalili ya kwanza kwamba maana ya mzigo ndiyo shina.

Ushahidi wa umbo

Dalili ya pili yatoka katika umbo la neno. Kiswahili kina jozi za vitenzi ambavyo kimoja hufanya jambo na cha pili hulitangua: anika na anua, funika na funua, bandika na bandua, ezeka na ezua, vika na vua. Kitenzi cha kwanza cha kila jozi huweka kitu juu ya kingine, nacho huishia kwa -ika au -eka; cha pili hukiondoa, nacho huishia kwa -ua. Katika safu hii mna nafasi ya twika na tua. Kutwika ni kumwekea mtu mzigo kichwani au begani. Kutua ni kuutangua utwikaji huo. Kwa hiyo umbo la tua lenyewe lina habari ya mzigo. Halikutungwa ili kueleza kukaa au kufika. Lilitungwa ili kueleza kuondolewa kwa kilichokuwa kimetwikwa.

Dalili ya tatu ni sauti iliyopotea. Katika vitenzi vya namna hii Kiswahili kimeacha l iliyokuwapo zamani, lakini sauti hiyo hurudi kitenzi kinapopata kiambishi: funua huzaa funulia, bandua huzaa bandulia, na tua huzaa tulia. Neno tulia, ambalo leo huonekana kama limesimama peke yake, ni mtoto wa tua. Kutoka kwake wametoka wajukuu: tuliza, tulizana, utulivu, mtulivu, kitulizo. Amani ya moyo katika Kiswahili, ikifuatwa nyuma mpaka asili yake, hukutwa ni mtu aliyeondolewa mzigo.

Lugha nyingine za Kibantu zathibitisha. Katika Kiganda tuula ni kuketi: l imebaki, na maana imehama kutoka mzigo mpaka mtu mwenyewe. Katika Kichewa tula ni kutua mzigo, na mtu aachaye madaraka husemwa kwamba ameutua chini wadhifa wake. Katika Kizulu thwala ni kuchukua kichwani, na ethula ni kuushusha mzigo. Lugha hizi hazikukopana neno hili katika njia ya misafara. Zimelirithi kutoka asili moja iliyo ya zamani sana. Kwa hiyo lingekuwa kosa kudai kwamba tua lilizaliwa katika misafara ya Unyamwezi. Neno lilikuwapo zamani kabla ya pembe ya kwanza kupelekwa pwani. Misafara ililipa kazi mpya, na kazi hiyo ndiyo iliyoacha alama katika Kiswahili cha leo.

Njia ya misafara na neno kituo

Katika bara hilo la karne ya 19 mali ilisafiri juu ya vichwa na mabega ya watu. Katika sehemu kubwa ya njia wanyama wa kupagaza hawakuweza kuishi kwa ajili ya maradhi yaletwayo na mbung'o. Mzigo wa mtu mmoja aghalabu ulikaribia frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, mbali na chakula, chungu na silaha zake. Wanyamwezi walisifiwa kuliko wote kwa kazi hiyo, nao waliifanya kwa ujira, na walikuwa na desturi na heshima zao njiani. Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Kazeh, palipo mji wa Tabora wa leo, mwezi wa Novemba mwaka 1857, walikuwa wametumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Mwendo wa namna hiyo haukupimwa kwa maili. Ulipimwa kwa mahali pa kutua: kutoka hapa mpaka pale kuna kutua kungapi, wapi pana maji, wapi pana chakula cha kununua, wapi pana hongo ya kulipa.

Hapo maana ya pili ya tua yapata kueleweka. Msafara wenyewe haushuki kutoka juu. Lakini wachukuzi wanapotua mizigo, safari husimama. Mambo haya mawili hutokea pamoja, na jina la moja huchukuliwa kuwa jina la la pili. Hii ndiyo njia ya ujirani wa mambo, ambayo kwayo maneno mengi hupata maana mpya. Maana ya jua na ile ya ndege zilikuja kwa njia nyingine, ya mfanano: hapana mzigo, lakini namna ya kushuka na kukaa yafanana na ile ya mzigo. Njia hizi mbili, ya ujirani na ya mfanano, zatosha kueleza karibu matawi yote ya neno.

Kutokana na maana ya pili yatoka nomino kituo. Mahali pa kutua ni kituo. Unyanyembe ilikuwa kituo kikubwa kuliko vyote vya bara: hapo wapagazi wengi waliotoka pwani walimaliza mkataba wao, mizigo ikakaa, na wengine wakaajiriwa kwa safari ya Ujiji, ya Karagwe au ya kusini. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, kazi ya mpagazi wa masafa marefu ilikuwa yafikia mwisho. Yaweza kudhaniwa kwamba neno kituo lingekwisha pamoja nayo. Halikukwisha. Gari la moshi lilipata neno lake la kukopa, stesheni, nalo limebaki hasa karibu na reli. Mambo mengine karibu yote yalichukuliwa na kituo. Msafiri apitaye leo katika wilaya yoyote ya Tanzania, Uyui ikiwa mojawapo, husikia kituo cha mabasi, kituo cha afya, kituo cha polisi, kituo cha mafuta, kituo cha redio na kituo cha kupigia kura. Katika vingi vya hivyo hapana mzigo unaotuliwa wala msafara unaolala. Kilichobaki ni wazo la mahali palipowekwa pawe pa kufikia.

Maandishi nayo yalilichukua neno hilo hilo. Kituo ni alama ya mwisho wa sentensi, mahali ambapo sauti ya msomaji hutua. Katika ushairi, kituo ni mshororo wa kumalizia ubeti. Na katika mazungumzo mtu asiyetulia husemwa kwamba hana kituo. Mwanafunzi aonaye matumizi hayo katika kurasa mbalimbali za kamusi huyakariri moja moja. Akionyeshwa mzigo ulio nyuma yake, huyapata yote kwa pamoja.

Mchukuzi katika sentensi

Liko jambo jingine ambalo orodha ya maana haionyeshi, nalo laonekana tu mtu akitazama ujenzi wa sentensi. Katika sentensi ya kwanza, "mpagazi ametua mzigo", wamo wawili: mchukuzi, aliye mtenda, na mzigo, ulio mtendwa. Katika sentensi ya pili, "msafara umetua", mizigo imetoweka na wachukuzi wamekusanywa katika jina moja. Katika sentensi za jua, ndege na tope, mchukuzi hayumo kabisa. Kitu kinachoshuka ndicho mtenda wa kushuka kwake. Na katika sentensi ya kumi, "mzigo umetua", mzigo umerudi lakini mchukuzi hakurudi nao. Mzigo wenyewe umekaa mahali pa mtenda, kana kwamba umesafiri kwa miguu yake.

Yamkini msomaji ataona kwamba hilo ni jambo la kawaida, kwa kuwa bidhaa za leo huja kwa meli, kwa ndege na kwa malori. Ni kweli. Lakini yafaa kuangalia kwamba safari ya maana na safari ya sarufi zimekwenda pamoja: kadiri maana ilivyosogea mbali na kichwa cha mtu, ndivyo mtu mwenyewe alivyoondoka katika sentensi. Kamusi ianzayo na maana za kisasa, kwa hoja kwamba ndizo zisikikazo zaidi, humwondoa mchukuzi kwa mara ya pili. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi kuuona mwepesi mzigo usioubeba.

Kwa hiyo sentensi ya kumi na moja yastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Kauli ya "kumtua mama ndoo kichwani" imeenea Tanzania katika mipango ya maji, na katika miaka ya karibuni imesikika sana katika Mkoa wa Tabora, ambako mabomba yameleta maji ya Ziwa Victoria mpaka Nzega, Igunga na Tabora mjini. Wapo waionao kuwa ni maneno ya majukwaani tu. Lakini kwa upande wa sarufi ni ya kale na ni sahihi kabisa. Kitenzi tua hapa kina watendwa wawili: mtu na mzigo wake. Ndivyo ilivyo katika twika, kwa kuwa husemwa "alimtwika mwenziwe mzigo". Na ndivyo ilivyo katika jozi nyingine za namna hii, kama kumvika mtu nguo na kumvua nguo. Kutendwa kwake ni "mama ametuliwa ndoo", na ile l ya zamani yarudi mahali pake. Wala kauli hii si istiari tupu, kwa sababu ndoo ni ndoo, kichwa ni kichwa, na uzito ni wa kweli. Njia ya misafara imekwisha, lakini maana ya kwanza ya tua haikufa. Ilibaki kwa wanawake na watoto waendao kisimani, nao hawakuwamo sana katika vitabu. Kauli hiyo imemrudisha mchukuzi katika sentensi, akiwa na kiwakilishi chake, -m-, ndani ya kitenzi.

Neno lisilo la ukoo

Haifai, hata hivyo, mtafiti aliyepata shina akaribishe kila kilicho na sauti ile. Kamusi za zamani zimeandika pia kitenzi tua chenye maana ya kusaga nafaka kwa kusukuma jiwe mbele na nyuma. Kikipimwa kwa mizani ile ile, hakikubali. Katika kusaga hapana kilichotwikwa, hapana kushuka kwa taratibu, wala mwisho wake si kutulia. Mwendo wa kwenda na kurudi ndio kiini chake. Hili ni neno la pili, lililokutana na la kwanza katika sauti, nalo lastahili mlango wake peke yake katika kamusi. Kipimo kizuri si kile kinachounganisha tu. Lazima kiweze na kutenga.

Mpango unaopendekezwa

Kutokana na hoja hizi, mpango wa neno tua katika kamusi ungeweza kuwa hivi. Pawe na vichwa viwili vya maneno: tua ya mzigo na tua ya kusaga. Chini ya kile cha kwanza maana zipangwe kwa ukoo: (a) kuondoa mzigo kichwani au begani, mchukuzi akiwa mtenda, au akiwa mtendwa kama katika "kumtua mtu mzigo", (b) kusimama safari na kupiga kambi, (c) kushuka kwa taratibu na kukaa, kwa ndege na kwa jua, (d) kujitenga na kukaa chini, kwa tope na takataka, (e) kupata utulivu, kwa moyo, (f) kusita, kwa sauti ya msomaji, (g) kufika au kujiunga, kwa watu na kwa bidhaa. Twika itajwe kuwa kinyume chake, na tulia na kituo zitajwe kuwa zimetokana nalo, ingawa kila moja itakuwa na mlango wake.

Wapo watakaouliza kama mpango wa ukoo hautamchelewesha mwanafunzi atafutaye maana ya neno katika gazeti la leo asubuhi. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo sababu kamusi ndogo za shule huanza na maana zilizoenea. Lakini katika neno hili hasara ni ndogo na faida ni kubwa. Maana (a) haijawa ya kale; yaeleweka na kila mtu aliyepata kupokea ndoo kutoka kichwani pa mwenzake. Mwanafunzi aianzaye hiyo hahitaji kukariri sita zinazofuata, kwa kuwa huziona zikitoka mbele yake moja baada ya moja.

Mfasiri naye hupata kanuni ya kumwongoza. Akikutana na neno la lugha ya kigeni lenye maana ya kufika, asikimbilie tua kwa sababu tu lasikika zuri katika magazeti. Kwanza aulize kama aliyefika alikuwa angani au mwendoni, na kama sasa amekaa. Barua hufika, haitui. Akikutana na tua katika Kiswahili, aulize ni nani aliyekuwa amechukua nini. Mara nyingi sentensi haitamjibu, na hapo atajua kwamba yuko katika matawi. Ikimjibu, atakuwa amefika kwenye shina, na itampasa atafute neno lenye kichwa na bega ndani yake.

Hesabu ya maana za neno, kwa hiyo, si kipimo cha utajiri wa lugha. Maana 400 za kitenzi cha Kiingereza na hizi saba za tua hazishindani. Linalopasa kuulizwa juu ya kila neno la namna hii ni kama msemaji, akitoka maana moja kwenda nyingine, ana njia ya kupita. Katika tua njia ipo, na vituo vyake vyaweza kutajwa kwa majina: kichwa cha mchukuzi, kambi, machweo, tawi la mti, moyo, nukta. Kamusi ya Kiswahili inao wajibu wa kuiandika njia hiyo yote, ikianza pale mzigo ulipo.